Sinki limeziba? Tafuta kwanza lilipoziba

Dawa ya kuzibulia ndiyo watu wengi wanayoikimbilia, na ndiyo inayopaswa kuwa ya mwisho. Bomba likiziba, swali la kwanza ni moja tu: limezibia wapi? Ukishajua hilo, kazi mara nyingi ni ya nusu saa na fundi hahitajiki.

Fungua koki ya jikoni, kisha ya bafuni, halafu vuta maji chooni. Kama ni sinki la jikoni peke yake linalogoma, uchafu uko chini yake, mara nyingi ndani ya mita moja kutoka mkono wako ulipo. Lakini ukivuta maji chooni na maji yakabubujika kwenye kitundu cha sakafu ya bafu, acha kuhangaika ndani. Bomba limeziba mbele ya pale mabomba yote yanapokutana. Toka nje, funua chemba, yaani lile shimo lenye mfuniko ambamo bomba la maji machafu hupita. Chemba kavu maana yake kizuizi kiko kati yake na nyumba. Chemba iliyojaa maana yake kizuizi kiko mbele. Endelea kufunua moja baada ya nyingine: tatizo liko kati ya chemba ya mwisho iliyojaa na ya kwanza iliyo kavu.

Turudi jikoni. Chini ya sinki kuna kile kikombe cha plastiki ambacho mafundi wanakiita trapu. Humo maji hukaa siku zote, kina cha sentimita 5 hadi 7 hivi, kuzuia harufu na mende wasipande. Humo humo ndimo mafuta yanapogandia. Mafuta mengi ya kula tunayonunua ni ya mawese, na anayeishi Mbeya au Njombe ameona yanavyoganda kwenye chupa asubuhi ya Juni. Ndani ya bomba yanafanya vivyo hivyo: yanashika ukutani, majani ya chai yanayashika, punje za wali zinafuata, na mchanga wa kusugulia sufuria unakaa chini kama zege.

Chota maji yaliyosimama kwenye sinki kwa kikombe. Weka ndoo chini ya trapu, vaa glovu, washa tochi. Ukiangalia kikombe cha trapu kwa chini, kizungushe kinyume na mwendo wa saa. Kwa mkono. Kikigoma, kizungushie kitambaa kikavu ujaribu tena. Plaizi hupasua plastiki, na hapo umejiongezea gharama ya trapu nzima. Kikifunguka kitamwaga uji wa kijivu unaonuka mayai viza. Pamoja na uji huo hudondoka washa, yaani pete ya mpira, nyembamba, nyeusi au nyeupe. Itafute kwenye ndoo kabla hujamwaga. Watu wengi wanaimwaga, kisha wanashangaa kwa nini sinki linavuja baada ya kusafishwa.

Osha kikombe kwa mswaki wa zamani na sabuni, lakini bafuni au nje. Mazoea ni mabaya: mkono wenyewe unakwenda kwenye koki ya lile lile sinki ulilolifungua chini, na maji yote yanaishia kabatini.

Wakati wa kurudishia, washa ilale bapa, kaza kwa mkono mpaka ishike, basi. Zungushia kiungo kipande kikavu cha toilet pepa, jaza sinki nusu, kisha achia maji kwa mkupuo. Karatasi ikilowa popote, fungua upange washa upya. Kukaza zaidi hakuponyi washa iliyokaa upande.

Trapu ikiwa safi na maji bado hayashuki, kizuizi kiko kwenye bomba linaloingia ukutani. Hapo tumia springi ya kuzibulia, yaani waya mrefu unaopindika, ya mita 3 hadi 5. Iingize kutokea kwenye tundu la ukutani, si kutokea juu ya sinki, maana kona za trapu huipinda. Sukuma huku unazungusha mwendo wa saa. Jifunze kusikia kwa mkono: ikigonga kona unahisi kitu kigumu, ukizungusha kidogo inapita. Ikifika kwenye uchafu unahisi kitu laini kinachorudisha. Zungusha hapo hapo mara kadhaa, kisha vuta polepole ukifuta waya kwa kitambaa. Usitumie nondo. Inatoboa kona ndani ya ukuta, na hutajua mpaka rangi ianze kuvimba.

Pampu ya mpira nayo ni nzuri, ila inatumiwa vibaya. Lazima maji yafunike mpira wote, na kila tundu jingine lizibwe kwa kitambaa kilicholowa: lile la juu la kuzuia mafuriko, na tundu la pili kama sinki ni la mabeseni mawili. Ukiliacha wazi, nguvu yako yote inatokea huko. Piga mara 15 hadi 20 bila kuinua mpira, na weka bidii kwenye kuvuta kuliko kusukuma. Kuvuta ndiko kunakong'oa.

Bafuni adui ni nywele. Ng'oa kifuniko cha kitundu cha sakafu kwa bisibisi, pinda ncha ya waya mwembamba iwe ndoano ya sentimita moja, uvue. Nywele za rasta ni plastiki, hakuna dawa ya kuzibulia itakayoziyeyusha. Zitoke kwa mkono. Chini ya kifuniko huenda ukakuta kikombe kilichopinduliwa. Kisafishe ukirudishe. Wapo wanaokitupa kwa sababu kinapunguza kasi ya maji, na kuanzia siku hiyo bafu linanuka na mende hawaishi, kwa kuwa kikombe hicho ndicho trapu yenyewe.

Sasa dawa. Magadi makali yale ya kutengenezea sabuni, yaani kostiki soda, hugeuza mafuta kuwa sabuni, kwa hiyo yanasaidia bomba linaloteremsha maji polepole. Kwenye bomba lililoziba kabisa ni hatari: yanakaa juu ya kizuizi, na utakapofungua trapu yanakumwagikia mikononi. Ukiamua kuyatumia, vaa glovu na miwani, fuata kipimo cha pakiti, na uweke magadi kwenye maji baridi ndani ya ndoo ya plastiki. Kamwe usimimine maji juu ya magadi. Yanachemka ghafla na kuruka usoni. Sufuria ya alumini usiitumie, inaliwa na kutoa gesi inayoshika moto. Usichanganye na maji ya betri wala dawa ya choo yenye asidi. Dawa ya klorini ikikutana na asidi hutoa gesi inayochoma mapafu, na chumba cha bafu ni kidogo.

Ile ya siki na baking soda inayosambazwa kila mahali ina povu zuri la kutazama. Viwili hivyo vinauana nguvu, na kinachobaki ni maji yenye chumvi kidogo. Maji ya moto yenye sabuni yanafanya kazi kuliko hayo, mradi yasiwe yanayotokota: bomba la PVC huanza kulainika kwenye nyuzi 80 hivi, na bakuli la choo linaweza kupasuka.

Chooni, maji yakipanda usivute tena. Subiri yashuke, kisha mwaga ndoo ya lita 8 hadi 10 kwa mkupuo mmoja kutoka usawa wa kiuno. Ikishindikana, tumia pampu yenye shingo inayoingia tunduni. Pedi na nepi hazisukumwi. Huvutwa kwa ndoano, la sivyo zinahamia mbali zaidi.

Kwa bomba la inchi 4 kati ya chemba, tumia fito za kuzibulia zinazoungana kwa skrubu. Zungusha mwendo wa saa tu. Ukirudisha nyuma hata mara moja, fito inafunguka na kubaki ndani, na hapo ni kuchimba. Fanyia kazi kwenye chemba kavu ukisukuma kuelekea iliyojaa, ukae pembeni, maana maji huja kwa kishindo. Chemba zote zikiwa zimejaa mpaka kwenye karo, yaani shimo kuu la maji taka, mara nyingi karo lenyewe limejaa: ita gari la kunyonya. Usishuke ndani ya karo wala usimruhusu mtu kushuka, hata kwa dakika moja. Gesi yake huangusha mtu kabla hajapiga kelele, na anayemfuata kumwokoa huangukia juu yake.

Bomba la nje likiziba kila baada ya wiki chache, pima mteremko. La inchi 4 linataka sentimita 2.5 kwa kila mita, yaani bomba zima la mita 6 lishuke sentimita 15. Mpira wa maji wa fundi ujenzi unatosha kupimia, kutoka sakafu ya chemba hadi sakafu ya chemba. Ukikuta limelala au tumbo limezama katikati, fukua sehemu hiyo, shindilia mchanga chini yake, lilaze upya. Na kama linaziba wakati wa masika tu, tazama maji ya paa yanamwagikia wapi. Mara nyingi yanaingia kwenye mfuniko wa chemba uliopasuka, yakibeba mchanga wa uwanja mzima.