Unimog kuwa tipa: chesisi ndogo na jeki vimekaa

Kwa waliouliza ni gari gani ninalogeuza kuwa tipa: ni Unimog U1300L ya zamani ya jeshi, lori la Mercedes-Benz la kupita njia mbaya, ilikuja na bodi ya mbao na turubai. Baadhi ya zile za shamba zilitoka kiwandani na bodi ya kumwaga pande tatu, hii yangu haikubahatika. Nataka ibebe moramu ya kuziba mashimo ya njia ya shambani, Mufindi, ambako masika tipa za kawaida haziingii.

Kazi kubwa haikuwa jeki, ilikuwa chesisi. Ya Unimog imetengenezwa ijipinde. Tairi la mbele kushoto likipanda jiwe na la nyuma kulia likapanda jingine, unaiona kabisa ikijisokota. Fundi wa kuchomelea alinishauri, “Bosi, bodi tuipige welding moja kwa moja kwenye chesisi, itakaa tu.” Itakaa hadi korongo la kwanza, kisha bodi ipasuke au chesisi yenyewe ikatike. Kwa hiyo nimetengeneza chesisi ndogo ya chaneli, inayokaa kati ya chesisi kubwa na bodi, imefungwa kwa bolti pointi mbili nyuma, karibu na bawaba za bodi. Mbele inashikwa na pini moja nene katikati, iliyolala kufuata urefu wa gari. Chesisi kubwa inacheza, bodi inabaki imetulia. Pini ina bushi ya shaba na nipeli ya girisi. Kwenye chesisi kubwa hakuna hata alama moja ya moto wa welding.

Jeki ni ya telescopic, yaani ina mabomba yanayotoka moja ndani ya jingine kwa hatua, nimeitoa kwenye tipa chakavu. Hatua yake nene ina kipenyo cha milimita 110, nyembamba 70. Kwa presha ya bari 150, ile nene inasukuma tani 14 hivi, nyembamba karibu 6. Nene ndiyo huanza kutoka, wakati mzigo wote bado umelala. Nyembamba inamalizia kazi wakati mchanga umeshaanza kuteleza. Pampu ya mafuta ya jeki inazungushwa na PTO ya giaboksi, yaani shafti inayochukua nguvu ya injini.

Kuhusu ukubwa wa bodi, nimebishana na kila mtu. Ndani ni mita 2.9 kwa 2.1, na kuta sentimita 20 tu. Wanasema inafanana na sinia. Lakini piga hesabu: mchanga mkavu ni kama tani 1.6 kwa mita moja ya ujazo, na hapo tayari nina tani 2. Gari zima halitakiwi kuzidi tani 7.5. Ningeweka kuta za sentimita 40, vibarua wangejaza hadi juu, kwani nani atawazuia?

Bodi tupu inanyanyuka hadi nyuzi 48 na inashuka taratibu. Nguzo ya chuma ya kuizuia juu ilikuwa tayari kabla hatujaijaribu mara ya kwanza, maana hakuna mtu anayeingia chini ya bodi inayoshikwa na mafuta ya jeki peke yake.

Sasa nageukia mlango wa nyuma. Utaning'inia kutoka juu, na kufuli zake za chini zitafunguliwa kwa wenzo ulio ubavuni, karibu na kabini, ili dereva asisimame nyuma mawe yakiporomoka. Ukikamilika, tunajaribu na mzigo, kwanza kwenye uwanja ulio sawa.