Bahasha Mbili

Hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi anayoitaka mteja, zilitufikia sisi wasanifu majengo Agosti 2015: usanifu na usimamizi wa ukarabati wa nyumba ya mawe ya ghorofa moja, Mji Mkongwe wa Bagamoyo. Siku 14 za kuandika pendekezo la kushindania kazi, bahasha moja ya kiufundi, nyingine ya bei. Kiufundi alama 80, bei 20. Ukipata chini ya asilimia 75 upande wa kiufundi, bahasha yako ya bei haifunguliwi.

Wengi huanza na historia ya kampuni yao. Sisi tulishuka Bagamoyo na tepu ya mita 30.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, wanangu. Plasta hii ya juzi tu, lakini kila masika inabanduka."

Mzee huyo, mlinzi wa nyumba, akakwangua kwa ukucha. Kipande cha saruji kikadondoka. Nyuma yake chumvi nyeupe kama unga, jiwe la matumbawe limelowa. Ukuta wa matumbawe na chokaa hupumua. Ukiupaka saruji, unyevu unakosa njia, chumvi inaisukuma plasta nje. Juu, vyumba havikuzidi upana wa mita 3, kwa kuwa boriti za mikoko ndizo zilizoamua upana huo, na ncha zake zilizoingia ukutani upande wa bahari zilikuwa zimeoza.

Hayo ndiyo yakawa ukurasa wetu wa kwanza. Baada yake hatua za kazi, kila moja na michoro itakayotoka, siku zake na awamu ya malipo. Kisha aya ya visivyomo: kupima udongo, ada za vibali, kurekebisha mchoro zaidi ya mara mbili. Ugomvi na wateja huzaliwa aya hiyo ikikosekana. Bei tuliijenga kwa siku za kila mtaalamu, VAT asilimia 18 mstari wake peke yake.

Usiku wa mwisho bahasha zilishapigwa lakiri, mwenzangu akirudia kusoma nakala ya ofisini. Akanyamaza. Chini ya wasifu wa mhandisi, ndani ya pendekezo la kiufundi, palikuwa na malipo yake kwa siku. Bei ikionekana humo, umetoka. Tukapasua lakiri, tukachapa upya ukurasa ule kwa nakala halisi na nyingine tatu. Tuliwasilisha zikiwa zimebaki dakika 35.

Hatukuwa wa bei ya chini. Hata hivyo tuliitwa kwenye majadiliano, wateja wakataka tupunguze bei. Tukaondoa ziara mbili kati ya nne za kila mwezi za kusimamia kazi, malipo ya siku yakabaki vilevile. Wakasaini.