Folda ya .venv si mali ya kutunzwa

Kabla sijaandika hata mstari mmoja wa programu ya Python, huandika kwanza python3 -m venv .venv ndani ya folda ya mradi. Amri hiyo huunda mazingira pepe (venv), yaani folda yenye kiungo cha kufikia Python, mahali pa kuweka maktaba (msimbo uliokwisha kuandikwa na wengine) za mradi huo peke yake, na faili dogo liitwalo pyvenv.cfg linaloonyesha Python mama iko wapi. Venv imo ndani ya Python tangu toleo la 3.3 la mwaka 2012, ingawa kwenye mifumo ya Linux ya Debian na Ubuntu kwa kawaida hubidi kwanza usakinishe kifurushi cha python3-venv.

Tangu Debian 12 ilipotoka mwaka 2023, pip, zana ya kusakinisha maktaba za Python, hukataa kugusa Python ya mfumo na kukuletea ujumbe wa externally-managed-environment. Wapo watakaokushauri uongeze --break-system-packages ili mambo yaende. Sikushauri, kwa sababu Python hiyo hutumiwa na zana za mfumo wenyewe, na ukibadilisha toleo la maktaba moja unaweza kuharibu programu usiyoijua hata jina.

Wengi hudhani kwamba bila source .venv/bin/activate mazingira hayafanyi kazi. Kazi kubwa ya amri hiyo ni kuitanguliza .venv/bin kwenye PATH (orodha ya folda ambamo kompyuta hutafuta programu), basi. Ukiandika .venv/bin/python app.py matokeo ni yale yale, na ndivyo ninavyoandika kwenye cron, zana ya kuendesha programu kwa ratiba.

Folda hiyo haihamishwi. Fungua faili la .venv/bin/pip uone mstari wake wa kwanza: una anwani kamili ya Python ya mahali ilipoundwa, kwa hiyo ukiupeleka mradi kwingine pip itaendelea kuitafuta kule kule. Mimi huifuta na kuiunda upya kutokana na requirements.txt, faili lenye orodha ya maktaba za mradi, ambalo ndilo ninaloliweka kwenye Git (zana ya kutunza historia ya msimbo). Pip huhifadhi vifurushi ilivyokwisha kupakua, hivyo bando haliliwi mara mbili.

Venv haikupi toleo jingine la Python. Kwa mfano Django 5.0, zana ya kuundia tovuti, inadai Python 3.10 au zaidi. Kama kompyuta ina 3.8, venv nayo itakuwa ya 3.8. Hapo hutumia pyenv, zana ya kusakinisha matoleo mbalimbali ya Python, na Docker, inayoendesha programu ndani ya kontena zilizotengwa, huiachia miradi inayohitaji hifadhidata ya PostgreSQL ya toleo maalumu, kwani kwenye RAM ya GB 4 kontena chache tu hutosha kuilemea kompyuta.