Siku Moja Maishani Mwangu: Kuongoza Studio Huru ya Michezo ya Video Inayokua

Saa 1:30 asubuhi. Kabla wenzangu hawajaingia kazini, huwa nasoma ripoti za hitilafu zilizotumwa usiku na kompyuta za watu wanaocheza toleo letu la majaribio. Kila mchezo unapokatika ghafla, programu hututumia maelezo mafupi: aina ya kompyuta, kadi ya michoro, mahali mchezaji alipokuwa na mstari wa msimbo (maagizo ya programu) uliokuwa ukitekelezwa. Leo ripoti nyingi zinaelekeza mahali pamoja, yaani pale mchezaji anapotoka pangoni huku mchezo ukijihifadhi wenyewe. Tulipokuwa watu 4, ningeufungua msimbo nikairekebisha hitilafu hiyo kabla ya kikao cha asubuhi. Siku hizi naiandika kwenye orodha ya kazi, naambatisha ripoti zinazoieleza vizuri zaidi, nampangia mhandisi anayeshughulikia uhifadhi, kisha naachana nayo. Wanaonitembelea hudhani kwamba mkuu wa studio hushinda siku nzima akibuni michezo. Ukweli ni kwamba kadiri studio inavyokua, ndivyo ninavyozidi kuitengeneza studio yenyewe na kuwaachia wengine mchezo.

Saa 3:00. Kikao cha asubuhi zamani kilikuwa mazungumzo ya dakika chache, kila mtu akiwa ameketi kwenye kiti chake. Katika kundi la watu 4, jozi za watu wanaopaswa kuelewana ni 6. Sasa tuko 13, na jozi hizo ni 78. Watu wameongezeka zaidi ya mara tatu, lakini nafasi za kutoelewana zimeongezeka mara kumi na tatu. Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa mfumo endeshi wa kompyuta za IBM System/360, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliokwisha kuchelewa huuchelewesha zaidi, na hesabu hiyo ya jozi ni mojawapo ya sababu zake. Kwa hiyo tumegawanyika katika vikundi vitatu, kila kimoja kina kikao chake, na kiongozi wake huandika maamuzi katika daftari la pamoja ambalo kila mtu analisoma.

Daftari hilo ndilo chombo muhimu kuliko vyote tulivyoongeza tangu tuanze kukua. Leo mchoraji wa uhuishaji aliyejiunga nasi hivi karibuni ameuliza kwa nini mhusika wetu hawezi kuruka akiwa ameshika taa. Wanne wa mwanzo tunaijua sababu hiyo bila kufikiri: maadui humwona mchezaji kwa kufuata mwanga, na mwanga ukipanda juu ya ukuta huwaamsha maadui wa chumba cha pili ambacho mchezaji bado hajakifikia. Hapakuwa na mahali popote palipoandikwa jambo hilo. Sasa limeandikwa, pamoja na jina la aliyeamua na hali itakayotufanya tulifikirie upya. Studio ndogo huendeshwa kwa kumbukumbu za watu, na kila mwajiriwa mpya anapouliza swali la namna hii huwa anatuonyesha ukurasa ambao haujaandikwa.

Saa 4:30. Hii ndiyo saa ninayoipenda, nami siifichi furaha yangu. Eneo la tatu la mchezo wetu ni mapango yenye maji, na kwenye konsoli, yaani mashine maalumu ya kuchezea michezo, lilikuwa zito. Tumeahidi fremu 60, yaani picha 60, kwa sekunde, maana yake kila fremu ina milisekunde 16.7 tu za kukokotoa mwendo, maadui, vivuli, sauti na picha yote inayoonekana kwenye skrini. Mapangoni fremu moja ilikuwa inachukua milisekunde 21. Mhandisi wetu wa michoro amefungua kifaa cha kupima muda na kunionyesha safu ndefu ya rangi ya machungwa katikati ya kila fremu. Ni maji. Ili maji yaakisi mapango, injini (programu ya msingi inayouendesha mchezo) ilikuwa inachora mapango yote mara ya pili, yakiwa yamepinduliwa, pamoja na kokoto, nyuzi za utando wa buibui na mishumaa ambayo hakuna jicho litakaloitambua kwenye mawimbi. Ameondoa vitu vidogo katika akisi, ameipunguza akisi hadi nusu ya upana na nusu ya urefu wake, kisha ameitia ukungu kidogo. Fremu imeshuka hadi milisekunde 15. Mchoraji wa mapango ameitwa aangalie; ameinama karibu na skrini kwa muda, akaomba mishumaa miwili iliyo karibu na lango irudishwe katika akisi, na imerudishwa. Kazi yangu katika shughuli hiyo yote ilikuwa kuhakikisha kwamba wawili hao wanazungumza leo badala ya wiki ijayo.

Saa 6:00 mchana. Nakaa na rasimu ya mkataba kutoka kwa mchapishaji anayetaka kugharamia sehemu ya mwisho ya kazi yetu. Wengi wanaoanzisha studio hukimbilia kuangalia asilimia za mgawanyo, ilhali kifungu kinachoamua hatima yao ni kile cha namna mchapishaji atakavyorudishiwa fedha alizotanguliza. Tuchukue mfano wa dola 300,000 na mgawanyo wa nusu kwa nusu. Kama fedha hizo zinarudishwa kutoka kwenye mapato yote yanayofika baada ya duka kuchukua sehemu yake, studio huanza kupata senti yake ya kwanza mapato hayo yakizidi dola 300,000. Kama zinarudishwa kutoka kwenye fungu la studio peke yake, lazima mapato yafike dola 600,000, na wakati huo mchapishaji atakuwa ameshapokea dola 300,000 za fungu lake juu ya zile alizorudishiwa. Kwa kuwa Steam, duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta, huanza kwa kuchukua asilimia 30 ya mauzo, hizo dola 600,000 zinadai mauzo ya takriban dola 857,000, kabla ya kodi na kabla ya wanunuzi kurudisha mchezo. Ni kifungu kimoja chenye mistari minne tu.

Hata injini ya mchezo ina masharti yake, na nimejizoesha kuyasoma kila yanapobadilika. Unreal Engine hutoza mrabaha wa asilimia 5 baada ya mchezo kuingiza dola milioni 1. Unity ilitangaza Septemba 2023 kwamba ingetoza ada kwa kila mchezo unaosakinishwa, studio nyingi zikapinga, na mwaka uliofuata ikaufuta mpango huo. Godot haina mrabaha kabisa, kwa kuwa msimbo wake uko wazi. Hata hivyo sishauri mtu yeyote ahame injini katikati ya mradi kwa sababu ya hasira. Gharama ya kuhama huwa kubwa kuliko ada nyingi zinazokimbiwa.

Saa 7:30. Mapumziko. Hakuna la kusimulia.

Saa 8:00. Usaili wa msimamizi wa uzalishaji, mtu wa kwanza tutakayemwajiri ambaye hatachora, hataandika msimbo wala hatatunga sauti. Baadhi ya wenzangu wanaona kwamba mshahara huo ungemtosha mchoraji mwingine, nami nayaheshimu maoni yao, lakini nadhani wanakosea: mchoraji wa saba hatasaidia kitu ikiwa wachoraji sita waliopo wanasubiri majibu. Sikumwuliza mwombaji anapenda michezo gani. Nilimpa ratiba yetu halisi, nikaondoa majina, nikamwomba aniambie ni wapi itavunjika. Alinyoosha kidole moja kwa moja kwenye wiki ambayo tafsiri za maandishi na ukaguzi wa watengenezaji wa konsoli vinaangukia pamoja, akaeleza kwamba maneno ya Kijerumani yatafurika kwenye vitufe vilivyochorwa kwa kufuata urefu wa maneno ya Kiingereza, na kwamba vitufe vitalazimika kubadilishwa baada ya toleo kuwa tayari kwenda kukaguliwa. Nadhani tumempata.

Saa 9:30 alasiri. Tunamkalisha mchezaji ambaye hajawahi kuuona mchezo wetu, sisi tunakaa nyuma yake, na kanuni ni moja: hakuna anayefungua mdomo. Baada ya dakika kama ishirini anafika kwenye chumba chenye ngazi ya kamba. Anaupita mlango uliofungwa, anaurudia, anaujaribu tena, anaizunguka ngazi bila kuiona, kwa kuwa rangi yake imefanana mno na ukuta. Aliyekisanifu chumba hicho ameyashika magoti yake kwa mikono miwili. Steam humruhusu mnunuzi arudishiwe fedha ndani ya siku 14 ikiwa amecheza kwa muda usiofika saa 2, kwa hiyo chumba kinachomkwamisha mtu mapema namna hii kinaweza kutugharimu kuliko hitilafu yoyote iliyofichika mwishoni mwa mchezo. Suluhisho lililokubaliwa ni rahisi: taa inayoning'inia itasogezwa karibu na ngazi na kuyumba kidogo, kwa maana jicho hukimbilia kinachotembea.

Saa 11:00 jioni. Nabaki na mhasibu na viongozi wa vikundi kuangalia muda tuliobakiwa nao, ambao katika studio huru hupimwa kwa miezi ya mishahara iliyopo benki. Swali la kukua hadi wapi halina jibu moja. Eric Barone aliitengeneza Stardew Valley peke yake na kuitoa mwaka 2016. Supergiant Games iliitengeneza Hades ikiwa na watu takriban 20, ikauza toleo la awali kuanzia Desemba 2018, na kuikamilisha Septemba 2020 ikiwa imejifunza mengi kwa wachezaji wake. Larian ilikuwa na watu zaidi ya 400 ilipoitoa Baldur's Gate 3 mwaka 2023, lakini ilikuwa imefika hapo baada ya miaka zaidi ya 20 ya kutoa michezo. Ninachokiona katika mifano hiyo ni kwamba kila studio ililingana na mchezo iliokuwa ikiutengeneza. Sisi tuna mchezo wa watu 13, tena wenye maeneo matano, na fedha zilizopo zinatosha maeneo manne.

Kulikuwa na pendekezo la kufanya kazi hadi usiku kwa miezi michache. Nimelikataa, kwa kuwa saa za uchovu huzaa hitilafu zinazokula saa nyingine, na mtu anayeacha kazi katikati ya mradi huondoka na kila kitu ambacho hakijaandikwa kwenye daftari letu. Tumeamua eneo la tano liondolewe. Nyimbo zake mbili zitahamia eneo la nne, adui wake mkubwa atawekwa mwishoni mwa mapango, na michoro iliyobaki itahifadhiwa bila ahadi yoyote.

Saa 12:30. Nimemwomba mchoraji aliyelishughulikia eneo hilo abaki, ili ayasikie haya kutoka kwangu kabla hajayasoma kwenye orodha ya kazi. Ameuliza maswali mawili ya maana, moja kuhusu jina lake katika orodha ya watengenezaji, ambalo halitaguswa, na la pili kuhusu daraja la mawe alilolichora kwa muda mrefu. Daraja lina urefu unaozidi mto wa eneo la nne. Kesho asubuhi yeye na msanifu wa eneo hilo watapima kama mto unaweza kupanuliwa.