Madonge ya vumbi uvunguni, na sayari

Jumamosi nilikuwa nafagia uvunguni mwa kitanda, si unajua kule ufagio haufiki kila siku, nikavuta nje yale madonge ya vumbi mepesi kama pamba, moja saizi ya limau kabisa. Hamna mtu aliyeyaviringisha, vumbi limeshikana lenyewe tu. Nikachuchumaa pale pale nikaanza kuiwaza HL Tauri.

Hiyo ni nyota changa mno, umri wake kama miaka milioni moja, iko kama miaka ya nuru 450 toka hapa. Mwaka 2014 darubini ya ALMA, zile antena 66 kwenye jangwa la Atacama kule Chile, karibu mita 5,000 juu, ikatoa picha ya sahani ya gesi na vumbi inayoizunguka, humo ndo sayari zinajengwa, na ile sahani ina mapete, duara ndani ya duara! Nimeiweka kwenye simu mpaka leo.

Vumbi kule linaanza laini kama moshi. Chembe zinagusana polepole zinanata, zinafika milimita, na hapo ndo shida zinaanza maana zikikua zinagongana kwa kasi zaidi, zingine zinadunda tu, zingine hata spidi ya mita moja kwa sekunde, yaani mwendo wa mtu anatembea zake, inatosha kuzipasua. Afu kuna upepo. Gesi inabebwa kidogo na presha yake yenyewe kwa hiyo inazunguka nyota taratibu kuliko jiwe, jiwe linapigwa upepo wa usoni muda wote kama uko kwenye bodaboda, linapoteza mwendo, linazama kuelekea kwenye nyota. Jiwe la mita moja likiwa umbali kama wa Dunia na Jua linaweza kuisha ndani ya miaka 100 hivi. Miaka mia jamani! Dunia yetu ilijengwa kwa mamilioni.

Ndo maana yale mapete yananigusa. Presha ya gesi ikiwa juu sehemu fulani, vumbi linalozama linakwama pale, linajazana, chembe zinakingana upepo, mpaka uzito wa lile kundi unalivuta lote kwa pamoja likawa mwamba wa kilomita nyingi bila kupitia hatua ya jiwe moja moja.

Na mwamba wa hivyo tumeshauona kwa karibu. Tarehe 1 Januari 2019 chombo cha anga cha New Horizons kilipita karibu na mwamba unaoitwa Arrokoth, mbali kuliko Pluto, urefu kama kilomita 36, vipande viwili vimeegeshana. Pale shingoni vilipokutania hapajapondeka hata kidogo, yaani vilikutana polepole tu.