Jinsi nilivyotatua tatizo la gia kuruka kwenye baiskeli ya zamani

Baiskeli yangu ya mtumba ilikuwa ikiruka gia kila nilipokanyaga pedeli kwa nguvu kupanda kuelekea Mlimwa, ilhali kwenye tambarare ilikwenda vizuri. Mafundi wengi hapa Dodoma hukimbilia kukaza waya wa gia, lakini gia inayoruka pale tu inapokanyagwa kwa nguvu mara nyingi ina meno yaliyolika.

Nilipima mnyororo kwa rula. Pingili 24, kuanzia katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya 25, zinapaswa kuwa na urefu wa inchi 12 kamili. Za kwangu zilizidi kwa zaidi ya moja ya nane ya inchi, na meno ya friwili, yaani seti ya gia za gurudumu la nyuma, yalikuwa yamechongoka na kuinama kama miiba. Mnyororo mpya haukai kwenye meno ya namna hiyo, kwa hiyo nilibadilisha vyote viwili pamoja. Friwili ya zamani iligoma kufunguka hadi nilipoilowesha mafuta usiku kucha.

Kuruka kulikoma, ila mnyororo ulisita kushuka kwenye gia ndogo. Vumbi letu jekundu lilikuwa limejaa ndani ya mpira unaopitisha waya, nami nikaweka waya na mpira mpya. Kisha, waya ukiwa bado umelegea, nilirekebisha skrubu ya kikomo, ile inayozuia mnyororo kupita gia ya mwisho, hadi mnyororo ukakaa sawa na gia ndogo kabisa, ndipo nikaukaza waya kidogo kidogo mpaka kila gia ikaingia bila kelele.