Do iko freti ya tano: miezi mitano na besi hapa Uyole

Machi

Gitaa la besi nimelipata soko la Mwanjelwa, Mbeya, la mtumba, laki mbili na themanini baada ya kubishana bei siku mbili. Shingo imenyooka, nyuzi nne zipo, kitufe cha sauti kinakwaruza ukikizungusha. Amplifaya sina. Nikalichomeka kwenye sabufa ya sebuleni, kikatoka kisauti chembamba kama cha mbu, na mngurumo wa umeme juu yake. Nikajua nimepigwa. Kumbe pikapu (vifaa vinavyonasa mtetemo wa nyuzi) za gitaa lisilo na betri hutoa mkondo hafifu sana, na sabufa inangoja sauti iliyokwisha kukuzwa, kama ile inayotoka kwenye simu au redio. Gitaa zima, halina tatizo.

Kwa hiyo sasa naegemeza kichwa cha gitaa kwenye mlango wa kabati la nguo. Mbao inapokea mtikisiko, kabati lote linaimba. Umeme ukikatika mazoezi yanaendelea.

Kutyuni kulinisumbua zaidi. Nyuzi ni E, A, D, G, kuanzia mnene kwenda mwembamba. Programu ya GuitarTuna ina sehemu ya besi, lakini uzi wa E unatetema kama mara 41 tu kwa sekunde na maikrofoni ya simu yangu hapo ni kama kiziwi. Mshale unarukaruka tu. Dawa yake: gusa uzi juu kabisa ya freti ya 12 (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo) bila kuukandamiza, upige, kisha achia kidole. Inatoka oktava ya juu, yaani nota ileile kwa mitetemo maradufu, 82, na simu inaitambua papo hapo.

Aprili

Bando ndilo lililonichagulia shule. Video moja ya YouTube ya dakika ishirini, nane za mwanzo ni salamu na kuonyesha magitaa ukutani. Nikahamia StudyBass, masomo ya kusoma yenye michoro ya shingo ya gitaa, bure, na kurasa zake zinafunguka hata mtandao ukiwa wa kubembeleza. Kwa nadharia nilichukua musictheory.net: masomo mafupi, maneno machache kila ukurasa, na mazoezi ya kutambua nota na kusikiliza umbali kati ya sauti mbili.

Ila nilikwama. Wiki mbili nzima nilikariri herufi za skeli, yaani ngazi ya nota kuanzia do hadi do: skeli ya G ina F iliyopandishwa, ya D ina mbili, ya A tatu. Nikiamka asubuhi zimeyeyuka. Kodi nazo, yaani nota kadhaa zinazopigwa pamoja (ndivyo tunavyoziita, TRA haihusiki), zinaandikwa kwa namba za Kirumi, I, IV, V, na mimi naona saa ya ukutani.

Mei

Hapa ndipo mradi ulipofunguka, na haukufunguliwa na intaneti.

Naimba sauti ya nne kwaya ya kanisani tangu nikiwa sekondari. Nota za d r m f s l t nazisoma bila kufikiri. Jumamosi moja nilikwenda mazoezini na gitaa begani, mwalimu wa kwaya akaniuliza, "Kijana, do unaipata wapi humo?"

"Shikamoo mwalimu. Mimi natafuta C kwanza."

"C ya nini? Wimbo ukipanda utaimba C?"

Nikarudi nyumbani na swali lake. Karatasi zetu huandikwa juu tu "Doh = G" au "Doh = F", halafu nota hazibadiliki kamwe; do ndiyo inayohama. Mfumo huo ulianzishwa na Sarah Glover na kuenezwa na John Curwen huko Uingereza, karne ya 19, kwa ajili ya waimbaji. Mpiga besi naye anaweza kuupanda bila nauli.

Weka kidole cha kati freti ya tatu ya uzi wa E: do. Cha mwisho, freti ya tano: re. Uzi wa A: shahada kwenye ya pili ni mi, cha kati ya tatu ni fa, cha mwisho ya tano ni so. Uzi wa D: shahada ya pili la, cha pete ya nne ti, cha mwisho ya tano do ya juu. Mi na fa zimegusana, ti na do zimegusana, zingine zimeruka freti moja, kama tunavyoimba. Sogeza mkono mzima freti mbili na skeli ya G imekuwa ya A. Hakuna cha kukariri.

Kilichonifanya nicheke peke yangu ni hiki. Weka do kwenye uzi wa A, freti yoyote. Freti hiyohiyo uzi mnene unaofuata ni so. Freti hiyohiyo uzi mwembamba unaofuata ni fa. Do ni ya kwanza, fa ya nne, so ya tano: I, IV, V, zote zimejipanga mstari mmoja! Nusu ya mapambio tunayoimba imo humo.

Juni

Baridi. Vidole haviamki kabla ya saa nne, na nyuzi nikizitoa ndani kwenda kibarazani zinahama sauti.

Nasikiliza sebene kwa YouTube, kasi nimeishusha hadi 0.75. Kwa spika ya simu besi haisikiki kabisa. Lazima spika za masikioni. Nilidhani mpiga besi wa sebene anapiga nota nyingi. Anapiga chache, ila anajua pa kunyamaza.

Julai

Jumapili iliyopita nimepiga kanisani mara ya kwanza, kwa amplifaya ya kuazima. Pambio lilianza D: do uzi wa A, freti ya tano. Katikati mwanzilishi akapandisha bila kumwambia mtu, tukajikuta E. Nikasogea freti ya saba, basi. Mpiga kinanda alihangaika kuliko mimi.

Halafu ukaja wimbo wa huzuni, ufunguo D uleule, na kila nilipokanyaga do ulikataa. Nilinyamaza beti mbili. Nyumbani nikafungua musictheory.net sehemu ya skeli za maina, zile za huzuni: kumbe wimbo ulikuwa umekaa kwenye la, ndiyo nyumbani kwake badala ya do. Do ikiwa freti ya tano, la iko freti ya pili, uzi uleule wa A. Nikapapasa kabatini usiku, taa imezimwa: freti ya pili uzi mwembamba ni re, freti ya pili uzi mnene ni mi. Mstari mmoja tena.